Unajenga Mombasa? Soma hii kabla hujalipia lori la mawe

Watu wakisikia kujenga kwa kujali mazingira mawazo yaenda kwa sola na tangi la maji ya mvua, mawe hakuna anayeyahesabu, ati jiwe ni jiwe limetoka ardhini halina sumu. Sawa, lenyewe halina neno. Kazi iko kwa shimo lililoachwa nyuma na simiti utakayomwaga kulishikanisha jiwe, na hapo ndipo wewe mnunuzi una nguvu kuliko unavyodhani.

Kwanza tuelewane, haya mawe meupe ya huku pwani ni matumbawe ya zamani sana, yalikuwa hai kama miaka 125,000 iliyopita wakati bahari iko juu zaidi, ikashuka yakabaki nchi kavu. Fort Jesus ilianza kujengwa 1593 kwa jiwe hilo hilo na bado imesimama. Kwa hivyo kununua jiwe la timbo, yaani machimbo ya nchi kavu, si kuua matumbawe ya leo. Lakini mtu akikuletea yaliyobanduliwa kwenye mwamba wa bahari, hata kama bei ni ya kutupa, mwambie arudi nayo, kule ndiko samaki wazaliana na mawimbi yavunjikia kabla hayajala ufuo.

Sasa nenda timbo mwenyewe, usitumane. Kwale au Kilifi popote, panda boda ukaangalie. Uliza leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, uliza risiti ya sesi, ule ushuru wa kaunti, halafu uliza swali ambalo wengi hawaulizi: mkimaliza hapa shimo mtalifanya nini? Mwenye timbo wa maana atakuonyesha udongo wa juu aliouweka kando ili aurudishe baadaye. Ukiona mashimo ya zamani pembeni yamejaa maji ya kijani, mbu tele na watoto waogelea humo, jibu ushalipata. Angalia pia kama kuna dizeli imemwagika chini ya mashine, kwa sababu mwamba huu una matundu matundu na maji ya visima yapita humo humo, ikimwagika leo kesho iko kwa ndoo ya mtu.

Na asikudanganye mtu kwamba shimo halirudishiki. Ile bustani ya Haller Park pale Bamburi ilikuwa timbo la kiwanda cha simiti, jangwa jeupe kabisa, mwaka 1971 René Haller akaanza kupanda miti na mvinje ndio ikavumilia. Tatizo majani yake yalikuwa hayaozi, yarundikana tu, basi wakaletwa jongoo wakayatafuna na mavi yao ndiyo yakawa udongo wa kuoteshea miti mingine. Leo kuna twiga! Jongoo hao, wadudu watu wakanyaga tu.

Haya turudi kwa jiwe. Hapa tafadhali chukua futi ya fundi. Pima mawe kumi hivi bila kuchagua, pande zote, yakipishana sana usinunue. Jiwe lililokatwa vibaya fundi hulisawazisha kwa simiti, badala ya kiungio cha sentimita moja anaweka mbili na zaidi, yaani mota, ule mchanganyiko wa simiti na mchanga, yaenda karibu mara mbili ukuta mzima na wewe washangaa mbona mifuko yaisha. Na simiti ndiyo chafu kweli kweli kwa hali ya hewa: jiwe la chokaa lachomwa mpaka kama digrii 1,450, na tani moja ya simiti hutoa kilo 600 hadi 900 za hewa ukaa, nyingi hata si moshi wa kuni wala makaa, zatoka ndani ya lile jiwe lenyewe likichomwa. Jiwe lililonyooka lakuokolea pesa na hewa kwa mpigo mmoja. Ukuta wa ndani usiobeba slabu muulize fundi kama waweza tia chokaa kwenye mota, atakunja uso kidogo lakini wazee wa Mji wa Kale walijenga hivyo hivyo.

Kuhusu mawe ya kupamba sitasema mengi. Jiwe la Mazeras latoka hapo tu, lori halichomi mafuta mengi, chukua hiyo kwa baraza na njia ya kuingilia. Graniti ya kung'aa mara nyingi imevuka bahari kutoka China au India na imekatwa na kung'arishwa kwa stima nyingi, kama ni lazima basi iwe meza ya jikoni tu, si nyumba nzima kama hoteli.

Vumbi sasa. Mazeras na graniti zina mchanga wa kwazi ndani, zikikatwa kavu kwa grainda lile vumbi laini laingia kwenye mapafu na ugonjwa wake hauna dawa. Kitambaa cha kufunga mdomo hakisaidii. Sema mapema kwenye makubaliano, jiwe likatwe kwa maji na fundi apewe maski ya kweli, ongeza hizo shilingi wewe.

Mwisho, vipande vilivyovunjika usiite tipa ije ivitupe. Vijazie chini ya sakafu, ndani ya msingi, vikisindiliwa vyakaa vizuri na vyapunguza kokoto ya kununua. Na kabla ya kuoda mapya pita kwanza mahali panapobomolewa nyumba ya zamani, mawe yake mara nyingi yauzwa rahisi, gonga kwa nyundo, likilia kavu chukua, likinyamaza na kumomonyoka liache.