Kukuza video ya DVD bila kuharibu rangi: somo na maswali

Nimeulizwa mara nyingi mno kwa nini rangi hubadilika baada ya kukuza video, kwa hiyo naliandika jibu hapa mara moja. Mfano ni DVD ya PAL (mfumo wa televisheni wa mistari 576) yenye fremu za 720 kwa 576, inayokuzwa mara mbili kwa FFmpeg (programu ya kuchakata video kwa amri) na modeli ya akili unde inayosoma RGB, yaani nyekundu, kijani na buluu.

1. Kagua faili kwa ffprobe (chombo cha FFmpeg cha kusoma taarifa za faili), uandike pix_fmt (muundo wa pikseli), color_space (fomula ya rangi) na color_range (namba za nyeusi na nyeupe).

2. Ikiwa picha ina mistari inayopishana, anza na bwdif, kichujio cha kuiondoa.

3. Itoe kwenye YUV (mwangaza Y, na rangi Cb na Cr) kwenda RGB kwa kutaja chanzo waziwazi; 470bg ni BT.601, fomula ya rangi ya DVD, na limited maana yake nyeusi ni 16, full ni 0:
`zscale=matrixin=470bg:rangein=limited:range=full,format=gbrp16`

4. Baada ya modeli, irudishe kwenye YUV, sasa kwa BT.709, fomula ya rangi ya video za HD:
`zscale=matrix=709:range=limited,format=yuv420p`

Katika hatua hii ya nne ndipo nilipoteleza. Nilikuwa na DVD ya harusi isiyo na lebo ya rangi, nikaiacha programu ikisie, nayo ikatumia BT.601 kwenda na kurudi. Kicheza video kilipoona mistari 1152 kikadhani ni BT.709, zulia jekundu likaelekea rangi ya chungwa na majani yakawa na giza. Nikabandika lebo ya bt709 nikidhani nimetibu, kumbe lebo haibadilishi pikseli hata moja. Ilithibitisha kosa tu. Badilisha namba kwanza, lebo ifuate. Na usiirudie hatua ya tatu juu ya faili iliyokwisha kubadilishwa.

Maswali

*Nyuso zimekuwa za buluu, nifanyeje?*
R na B zimebadilishana nafasi. Maktaba ya OpenCV husoma BGR (buluu kwanza), nawe huenda umeipa modeli fremu hizo kama zilivyo. Hukutaja fomati uliyotumia, hivyo siwezi kusema zaidi.

*Nimefuata kila kitu, lakini nyeusi imekuwa kijivu.*
Hukufuata kila kitu. Nyeusi ya DVD ni 16, si 0. Soma tena rangein katika hatua ya tatu.

*Kwa nini vichujio vingine hukuza mwangaza peke yake?*
Ni swali zuri. Katika 4:2:0, mpangilio wa rangi wa DVD, Y ina pikseli 720 kwa 576, ilhali Cb na Cr zina 360 kwa 288 kila moja, na jicho hutambua ukali wa picha zaidi kwenye mwangaza. Kwa sababu hiyo kichujio cha sr cha FFmpeg kinapotumia modeli ya SRCNN hupitisha Y kwenye mtandao, na chaneli za rangi hukuzwa kwa njia ya kawaida. Hapo huhitaji RGB, lakini kutoka BT.601 kwenda BT.709 bado kunakuhusu.

*Rangi ni sawa, asante mwalimu, ila watu wamekonda.*
Pikseli za PAL si mraba: fremu ya 4:3 huonyeshwa kama 768 kwa 576. Malizia kwa 1536 kwa 1152 na setsar=1 (pikseli mraba), ukijaribu sekunde 10 kabla ya kuacha kompyuta ifanye kazi usiku kucha.