Jinsi ya kuomba pesa za NG-CDF kwa maabara ya kompyuta katika shule ya upili ya umma

Shule ya upili ya umma nchini Kenya isiyo na kompyuta, au yenye chache zilizochoka, haina milango mingi ya kubisha. Mpango wa DigiSchool ulioanza mwaka wa 2016 ulilenga watoto wa darasa la kwanza katika shule za msingi. Mgao ambao serikali hutuma kwa kila mwanafunzi wa upili huchelewa, na ukifika unakuta madeni ya stima, ukarabati na mishahara ya wafanyakazi yanausubiri. Kwenda kwa gavana nako ni kupoteza muda, kwa sababu Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, likaacha shule za msingi na za upili mikononi mwa serikali kuu.

Mlango ulio karibu ni Hazina ya Kitaifa ya Maendeleo ya Maeneobunge, NG-CDF. Ilianza mwaka wa 2003 ikiitwa CDF, na sasa inaendeshwa kwa sheria ya 2015, ambayo inaitengea angalau asilimia 2.5 ya mgao wa mapato wa serikali kuu. Pesa hizo hugawiwa maeneobunge yote 290. Kwa kuwa ni za serikali kuu, na elimu ya upili ni kazi ya serikali kuu, maabara ya kompyuta inaingia ndani yake bila ubishi.

Jambo moja la kujua mapema. Septemba 20, 2024, Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria hiyo inakiuka Katiba, ikasema hazina ikome Juni 30, 2026. Uamuzi huo ulikatiwa rufaa. Kwa hivyo swali lako la kwanza kwa meneja wa hazina katika eneobunge lako liwe hili: ombi letu litaingia katika bajeti ya mwaka gani wa fedha, na je, orodha ya miradi ya mwaka huo imeshatumwa Nairobi kuidhinishwa? Jibu lake ndilo litakalokuonyesha kama ukimbie au utulie uandae karatasi zako vizuri.

Na tusichanganye mambo. Fomu za basari hujazwa na mzazi au mwanafunzi kwa ajili ya karo. Maabara ni mradi, na mradi huombwa na shule kupitia Bodi ya Usimamizi. Pia usishawishiwe kuomba kutoka fungu la dharura. Fungu hilo ni la paa lililopeperushwa na upepo au bweni lililoungua, wala ukosefu wa kompyuta haukuja kwa ghafla.

Anza na chumba

Hapa ndipo maombi mengi huharibika, na nitakaa hapa kidogo. Shule huandika "tunaomba kompyuta 40", kamati ya hazina katika eneobunge inakubali, mashine zinaletwa, kisha zinakaa ndani ya maboksi kwa sababu chumba kina soketi mbili. Mwaka unapita. Dhamana ya muuzaji inaisha kabla mwanafunzi hata mmoja hajagusa kibodi. Hilo linaniuma, kwa sababu pesa zilikuwepo, nia ilikuwepo, na kilichokosekana ni ukurasa mmoja wa mipango.

Ingia katika chumba mnachokusudia kutumia, ukiwa na fundi wa umeme aliyesajiliwa. Kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake hula takriban wati 100 hadi 150. Ishirini na tano zikiwaka kwa pamoja zinakaribia wati 4,000, kabla hujaongeza printa na projekta. Waya wa darasa uliowekwa kwa ajili ya balbu nne hauwezi kubeba mzigo huo. Mwambie fundi aandike anachokiona: waya mpya, soketi ngapi, kikata umeme chake, na waya wa kupeleka umeme wa radi ardhini (earthing) kama mko sehemu ya radi nyingi. Kisha tazama mlango na madirisha. Bila grili na mlango wa chuma, wezi watafika kabla ya muhula kwisha. Meza ziwe za upana wa kutosha wanafunzi wawili kukaa bega kwa bega mbele ya kila kompyuta.

Sasa hesabu mashine. Kwa darasa la wanafunzi 45, wawili wawili, unahitaji 23. Ukiomba 25, mbili za ziada zinakuwa akiba moja ikiharibika. Idadi iliyotokana na hesabu kama hiyo humshawishi mwanakamati kuliko idadi ya mviringo. Kama mna watahiniwa wa Somo la Kompyuta la KCSE, nambari 451, eleza kwamba karatasi ya pili ni ya vitendo na kila mtahiniwa hukaa mbele ya mashine yake. Kama mmeanza kupokea wanafunzi wa Gredi ya 10, sema ni wangapi wamechagua mkondo wa STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati.

Sheria ina kifungu kitakachokusaidia sana hapa: pesa za hazina hutolewa kwa mradi mzima, au kwa awamu ya mradi iliyoelezwa waziwazi. Basi kama gharama yote inatisha, gawanya. Awamu ya kwanza iwe waya, soketi, grili na meza. Awamu ya pili iwe kompyuta, ruta na kuunganishwa kwa intaneti. Kila awamu iwe na mwisho unaoonekana kwa macho. Usiandike "awamu ya kwanza: kompyuta 10 za kuanzia", kwa sababu hapo umegawanya idadi tu na chumba hakijakamilika.

Karatasi

Itisha mkutano wa Bodi. Kumbukumbu za mkutano ndizo moyo wa ombi, kwa hiyo ziandikwe kikamilifu: tarehe, waliohudhuria, azimio la kuomba mradi, kiasi kinachoombwa, na sahihi za mwenyekiti na katibu, ambaye ni mwalimu mkuu. Azimio lisiseme "Bodi ilijadili suala la kompyuta." Liseme hivi, kwa mfano:

"Bodi imeazimia kuomba NG-CDF igharamie awamu ya kwanza ya maabara ya kompyuta: kuweka waya na soketi 30, grili za madirisha manne, mlango mmoja wa chuma na meza 13. Shule ina wanafunzi 312. Kompyuta zinazofanya kazi ni 6. Bodi itagharamia bili ya intaneti ya kila mwezi na imemteua mwalimu mmoja kusimamia maabara."

Sentensi hiyo ya mwisho ina uzito mkubwa. Kamati inataka kujua nani atalipa intaneti mradi ukishakamilika, na nani atashika ufunguo.

Pamoja na kumbukumbu, weka barua ya maombi yenye muhuri wa shule, fomu ya mradi inayotolewa na ofisi ya hazina, makadirio ya fundi, kwotesheni tatu za bei za hivi karibuni, nakala ya cheti cha usajili wa shule, na picha za chumba kilivyo sasa. Mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo akikubali kuandika barua ya kuunga mkono, iambatishe. Tengeneza nakala mbili za kila kitu.

Kuhusu intaneti, kuna jambo la kuangalia kwanza. Mamlaka ya Mawasiliano, kupitia Hazina ya Huduma kwa Wote, iliunganisha karibu shule 900 za upili za umma kwa kasi ya takriban megabiti 5 kwa sekunde. Kama yenu ilikuwa miongoni mwazo, huenda mlingoti na kebo bado vipo na mnachohitaji ni kuufufua muunganisho, gharama ambayo ni ndogo kuliko kuanza upya. Ila megabiti 5 zikigawanywa kwa mashine 25, kila moja inabaki na 0.2, na video ya somo haitacheza. Omba kasi kubwa zaidi, au panga kupakua masomo usiku na kuyaweka kwenye kompyuta moja ambayo nyingine zote zitasomea kwa kebo za ndani. Kwa shule ya mashambani mimi ningechagua njia hii ya pili hata kama intaneti ni nzuri, kwa sababu mtandao ukikatika somo linaendelea.

Kikao cha wadi

Kamati ya hazina inatakiwa kisheria kuitisha vikao vya wazi katika kila wadi, ndani ya mwaka wa kwanza wa bunge jipya na angalau mara moja kila baada ya miaka miwili baadaye. Mradi uliotajwa na wananchi kwenye kikao hicho una nguvu kuliko barua iliyoletwa ofisini kimyakimya. Naibu kamishna wa kaunti au mwakilishi wake huketi katika kamati, kwa hiyo chifu hujua tarehe. Mwulize.

Wapeleke wazazi, na wachache wao wajue la kusema. Mama mmoja anayesimama na kusema binti yake yuko Kidato cha Nne, anasoma kompyuta kwenye ubao, anasikika kuliko hotuba ndefu ya mwalimu mkuu.

Kukabidhi na kufuatilia

Peleka ombi katika ofisi ya hazina, wala si nyumbani kwa mbunge. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Usisubiri Julai, mwaka wa fedha unapoanza. Kufikia hapo orodha huwa imepangwa. Kamati ikikubali, mradi hutumwa kwa Bodi ya NG-CDF Nairobi, na pesa hazitoki mpaka Bodi iidhinishe. Omba kuonyeshwa jinsi mradi wenu ulivyoandikwa katika orodha hiyo. Neno likikosewa, kwa mfano "ukarabati wa darasa" badala ya "maabara ya kompyuta", hamtaweza kununua kitu kingine bila idhini mpya ya Bodi ya NG-CDF.

Ukikaa bila jibu, andika barua ukitumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Kama kuna malalamiko kuhusu mradi wenyewe, yapelekwe kwanza kwa Bodi ya NG-CDF.

Pesa zikiingia

Mradi huendeshwa na kamati ya usimamizi wa mradi, PMC, ambayo shuleni mara nyingi hutokana na Bodi ya Usimamizi. PMC hufungua akaunti yake ya benki, na pesa za mradi zisichanganywe na za karo hata kwa siku moja. Ununuzi hufuata sheria ya ununuzi wa umma ya 2015. Mzabuni awe na cheti halali cha kulipa ushuru, atoe ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya ushuru (KRA), na asilipwe kabla mali haijakaguliwa.

Ukaguzi ufanyike mashine zikiwa zimewashwa. Fungua boksi moja baada ya jingine, linganisha nambari ya mashine na ile ya kwenye ankara, kisha iingize kwenye tovuti ya mtengenezaji uone dhamana ilianza lini. Kompyuta iliyouzwa kama mpya ilhali dhamana yake iliisha miaka mitatu iliyopita ni ya mitumba kutoka ng'ambo iliyopigwa msasa. Angalia kama kumbukumbu ya ndani ya mashine (RAM) na diski zina ukubwa ulioandikwa kwenye zabuni. Zikikosa, kataa kutia sahihi ya kupokea, andika sababu, na umwarifu meneja wa hazina siku hiyo hiyo. Zikiwa sawa, kila mashine iandikwe nambari ya shule kwa rangi isiyofutika, iingizwe katika daftari la mali, na ratiba ya maabara ibandikwe mlangoni kabla ya wiki kwisha.