Kutafsiri Mwongozo wa Msindikizaji wa Mama Anayejifungua kwa Msaada wa Akili Unde

Katika mapendekezo yake ya mwaka 2018, Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila mama awe na mtu aliyemchagua mwenyewe wa kukaa naye wakati wote wa uchungu na wa kujifungua. Uchambuzi wa mwaka 2017 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, uliojumuisha majaribio 26 na wanawake zaidi ya 15,000, ulionyesha kwamba msaada usiokatika huongeza uwezekano wa kujifungua kwa njia ya kawaida na hupunguza upasuaji. Lakini msindikizaji mwenyewe, ambaye mara nyingi ni mama mzazi, dada au mume, huenda anazungumza lugha ambayo haijawahi kuandikiwa mwongozo wowote wa uzazi. Siku hizi akili unde inaweza kutoa rasimu hata kwa baadhi ya lugha hizo: NLLB-200, programu ya kutafsiri iliyotolewa na kampuni ya Meta mwaka 2022, hutafsiri kati ya lugha 200. Yafuatayo ni kwa yeyote anayetaka kuitumia rasimu ya namna hiyo bila kumhatarisha mama wala kuiharibu lugha.

Kazi huanza kabla ya kompyuta kuwashwa. Keti na wakunga na wanawake waliokwisha kuzaa, uwaombe wasimulie kujifungua tangu uchungu wa kwanza hadi kondo la nyuma linapotoka, badala ya kuwasomea orodha ya maneno watafsiri. Katika masimulizi utasikia namna wanavyotofautisha uchungu unaokuja na kupotea na ule uliokolea, wanavyosema chupa imepasuka, na wanavyotaja sehemu za mwili mbele ya wanaume na wanapokuwa peke yao. Andika namna zote mbili pamoja na anayeruhusiwa kuzitumia. Rekodi sauti kwa idhini yao. Hatua hii haina mbadala, kwa kuwa katika lugha nyingi ndogo sehemu kubwa ya maandishi yaliyofunzia mashine ni ya dini, na mashine iliyolelewa hivyo huijua lugha ya mahubiri kuliko ya chumba cha kujifungulia. Kwa maoni yangu, hata tafsiri isipokamilika, rekodi hizo peke yake zimekwisha kuihifadhi lugha kuliko programu yoyote.

Kisha tengeneza upya matini ya kutafsiriwa. Chukua sentensi hii: “Msindikizaji asimhimize mama kusukuma kabla mama hajasikia haja ya kusukuma na mkunga hajathibitisha.” Ina ukanushaji mara tatu, na mashine ikidondosha mmoja tu, msindikizaji anaweza kuambiwa afanye kile kile alichokatazwa. Ivunje: “Subiri. Mama atasikia mwenyewe haja ya kusukuma. Akisikia, mwite mkunga. Mkunga ndiye atakayesema kama wakati umefika.” Fanya hivyo kwa maelekezo yote: kumpa mama maji ya kunywa ikiwa mkunga ameruhusu, kumsaidia kutembea au kubadili mkao, kumkanda kiuno, kupumua naye polepole, kumwita mhudumu, na kutomkandamiza tumbo ili mtoto atoke.

Sehemu moja usiipeleke kwa mashine hata kidogo, nayo ni dalili za hatari. Damu kutoka kwa wingi, kichwa kuuma sana pamoja na kuona maruweruwe, degedege, homa, maji ya uzazi yenye harufu mbaya au rangi ya kijani, na kitovu kutangulia mtoto vitafsiriwe na mtu anayeijua lugha, kisha vikaguliwe na mkunga. Maneno ya kumtuliza mama nayo yatoke kwa wanawake wenyewe, kwa sababu faraja iliyotafsiriwa neno kwa neno huweza kusikika kama karipio.

Kwa yaliyobaki, ipe programu orodha ya maneno uliyokusanya, ikiwa inapokea maelekezo, na uiagize izingatie hayo tu. Kagua kwanza nambari, ukanushaji na mtendaji wa kila kitendo. Kurudisha tafsiri katika Kiswahili kwa mashine ile ile hunasa makosa makubwa tu, isikutulize moyo. Jaribio la kuaminika zaidi ni kumsomea kwa sauti mtu ambaye hakuiona matini ya awali, kisha kumwomba aonyeshe kwa mikono anachoagizwa. Akisomewa sentensi ya kukanda kiuno naye akaweka viganja juu ya tumbo, sentensi hiyo haifai, hata kama sarufi yake haina dosari.

Ndani ya chumba cha kujifungulia, simu inaweza kusaidia kuuliza kama mama ana kiu au anataka kugeuka. Haifai kutumika kueleza upasuaji au kumwomba mama idhini. Hapo anahitajika mkalimani. Jina la mama na taarifa zake za kitabibu zisiingizwe katika programu yoyote ya kutafsiri.

Tafsiri ikikubalika, irekodiwe kwa sauti ya mwanamke anayeizungumza lugha hiyo vizuri, kwani wasindikizaji wengi hawajazoea kuisoma. Hifadhi pamoja matini ya awali, rasimu ya mashine na sahihisho, ukitaja lahaja na tarehe, na wenye lugha ndio waamue nani aruhusiwe kuzitumia. Rasimu ghafi isiwekwe kwenye intaneti hata kwa muda mfupi. Katika lugha yenye kurasa chache, wakusanyaji wa data ya kufunzia mashine wanaweza kuizoa pamoja na makosa yake, na atakayetafsiri baadaye atayakuta yameshakuwa sehemu ya lugha ambayo mashine inamfundisha.