Sarafu ya tai na pomboo: jinsi ya kujua ni ya mji gani

Juzi dogo mmoja kanitumia picha wasapu, sarafu ya fedha, tai kasimama juu ya pomboo. Muuzaji kamwambia ni ya Olbia, mji wa kale wa Kigiriki. Mimi mwenyewe nilishapoteza jioni nzima na sarafu ya namna hiyo, ndo maana naandika hapa.

Hatua ya 1: Pima uzito na kipenyo. Mizani ya dijitali inayosoma hadi gramu 0.01 inatosha.

Hatua ya 2: Piga picha pande zote mbili. Zima flashi, laza taa ya mezani ubavuni ili herufi zitoe kivuli. Usiisugue hata kwa sabuni, nawaomba sana.

Hatua ya 3: Tafuta mji. Hapa msiende haraka, kwa sababu tai na pomboo walitumiwa na miji mitatu ya Bahari Nyeusi, Olbia (Ukraine ya leo), Istros (Romania) na Sinope (Uturuki), na yote ilianzishwa na watu wa Miletos, mji mwingine wa Kigiriki, kwa hiyo nyuma za sarafu zao zinafanana mno. Geuza uangalie upande wa sura. Ukikuta vichwa viwili vya vijana, kimoja kimepinduliwa chini juu, ni Istros, na juu ya tai utasoma ΙΣΤΡΙΗ, hapo umemaliza. Ukikuta kichwa cha mwanamke ndo kazi inaanza, maana Sinope wanaweka nimfu wao (binti wa kimungu wa hadithi za Kigiriki) na Olbia wanaweka Demeter, mungu wa kike wa nafaka, na uso ukishachakaa wote ni mwanamke tu. Tafuta masuke ya ngano kwenye nywele, hayo ni ya Demeter. Yakiwa yamefutika, nenda kwenye herufi, ila usitegemee ya mwisho peke yake kama nilivyofanya mimi: Ω ya ΣΙΝΩ ikilika miguu inageuka Ο ya ΟΛΒΙΟ. Hesabu herufi, nne au tano, hata kama zimebaki nukta tu.

Halafu kuna mstari wa kalibu ukingoni, ule unaobaki sarafu ikimiminwa badala ya kugongwa. Kwenye fedha iliyogongwa kwa nyundo ni dalili mbaya, nakataa hapo hapo. Lakini Olbia walikuwa wanamimina shaba kwenye kalibu, visahani vikubwa na vipande vidogo vyenye umbo la pomboo, kwa hiyo kwa hizo mstari peke yake hauthibitishi kuwa ni feki.

Hatua ya 4: Kama ni shaba yenye mzee wa ndevu na pembe, huyo ni Borysthenes, mungu wa mto Dnieper. Nyuma kuna shoka na upinde ndani ya podo, silaha za Kiskithi kabisa (Waskithi walikuwa wafugaji wapanda farasi wa nyika za kule), kwenye pesa ya mji wa Kigiriki, mwishoni mwa karne ya 4 KK. Hii ndo naipenda kuliko zote. Nakili na zile herufi zilizofumwa pamoja pembeni, zinasaidia kupanga matoleo.

Hatua ya 5: Omba karatasi za ilikotoka. Hana, usinunue, maana makaburi na magofu ya kule yanachimbwa usiku.

Ya dogo ilikuwa na vichwa viwili. Istros. Kairudisha kwa muuzaji.