Mambo ya kuzingatia kabla ya kwenda Austin bunge likikaribia kufungwa

Bunge la jimbo la Texas, lenye makao yake Austin, hukaa kikao cha kawaida mara moja tu katika miaka miwili, na kikao hicho hakivuki siku 140. Kikao cha 2027 kinaanza Januari 12, kwa hiyo siku ya 140 itaangukia Mei 31. Mwenye saluni Houston au malori mawili Fort Worth mara nyingi husikia habari za mswada unaomgusa mwezi wa Aprili au Mei, wakati wenzake wenye vyama na mawakili wameshaanza kuusukuma tangu Novemba. Kuchelewa huko hakumaanishi safari haina faida. Kunamaanisha tu kwamba unachoweza kuomba mwezi wa Mei si kile ambacho ungeomba Januari, na wengi hurudi mikono mitupu kwa kutolijua hilo.

Kabla ya kuwasha gari, jua leo ni siku ya ngapi ya kikao. Pale Austin, majuma ya mwisho watu hawahesabu tarehe, wanahesabu siku za bunge. Bunge hili lina mabaraza mawili, Baraza la Wawakilishi na Seneti. Siku ya 122 ndiyo ya mwisho kwa Baraza la Wawakilishi kujadili miswada yake ya kawaida katika kusomwa mara ya pili. Ikigonga saa sita usiku, mswada ambao haukufikiwa umekufa, hata kama hakuna aliyeupinga. Mwaka 2025 siku hiyo ilikuwa Mei 15. Siku ya 134 ni ya mwisho kwa Baraza hilo kujadili miswada iliyotoka Seneti, siku ya 135 Seneti nayo inaifungia miswada mlango, na siku ya 139 ni ya mwisho ya kupitisha taarifa za kamati za usuluhishi, zile zinazopatanisha mabaraza mawili. Siku ya 140 ni ya kusahihisha makosa tu.

Lakini tarehe hizo zinadanganya kidogo, kwa sababu mswada hufa kabla ya siku yake. Katika Baraza la Wawakilishi, ratiba ya siku lazima iwafikie wabunge saa 36 kabla, na anayeamua kipi kiingie ni Kamati ya Ratiba. Kwa hiyo mswada wako ukiwa bado uko kwenye kamati hiyo siku ya 118, hotuba nzuri mbele ya mbunge wako haitoshi. Muombe azungumze na wajumbe wa Kamati ya Ratiba, na ikiwa mjumbe mmoja anatoka eneo lenye wateja wako, nenda kwake wewe mwenyewe. Seneti ina utaratibu wake: yenye viti 31, huhitaji kura 18 ili mswada upenye nje ya foleni, na Luteni Gavana ndiye anayeshika usukani. Huko, kuwa na maseneta 16 upande wako bado si ushindi.

Jambo la pili ni ombi lenyewe. "Tunaomba mtusaidie wafanyabiashara wadogo" si ombi, ni salamu. Andika namba ya mswada, kifungu, na maneno unayotaka yaongezwe au yafutwe. Wasusi wa Texas wanaujua mfano huu. Isis Brantley, msusi wa Dallas, alikamatwa mwaka 1997 kwa kusuka nywele bila leseni ya kazi ya urembo, akapambana kwa miaka mingi, na Januari 2015 mahakama ya shirikisho ikamuunga mkono katika kesi ya shule yake ya ususi. Juni mwaka huo gavana alitia saini sheria iliyoondoa sharti la leseni kwa ususi wa asili. Ombi lilikuwa jembamba kiasi kwamba mbunge yeyote angeweza kulieleza kwa sentensi moja. Ombi pana, mwezi wa Mei, halina pa kukaa.

Ukweli wa majuma ya mwisho ni kwamba kuzuia ni rahisi kuliko kupitisha. Katika kikao cha 2025 iliwasilishwa miswada zaidi ya 8,000, na iliyofika mwisho ilikuwa sehemu ndogo tu. Kama mswada unakuumiza, muda ni mwenzako. Kama unakufaa, muda ni adui yako, na hata ukiwa kwenye ratiba ya miswada isiyo na ubishi usilale. Wabunge watano wakiandika pingamizi, au mjadala ukizidi dakika kumi, unaondolewa. Mei 2017 kundi la wabunge wa mrengo wa kulia waliokuwa na ugomvi na uongozi liliangusha miswada zaidi ya mia kwa njia hiyo, na mingi ilikuwa haina kosa lolote.

Halafu kuna wafu wanaofufuka. Mswada uliokwama huweza kurudi kama rekebisho ndani ya mswada mwingine ulio hai, ilimradi mada zinaoana. Kwa sababu hiyo usifuatilie namba moja tu. Tovuti ya bunge la Texas inakuruhusu kufungua akaunti bure na kupokea taarifa kila mswada unapopiga hatua, basi weka humo miswada yote inayogusa sheria ile ile. Mabaraza mawili yasipokubaliana, wanateuliwa watu watano kila upande kusuluhisha, na kwa kawaida hawaruhusiwi kuingiza maneno ambayo hayakuwa upande wowote bila azimio maalumu. Wakati huo watu kumi hao ndio bunge lako lote. Wapigie wasaidizi wao.

Nao wasaidizi usiwadharau kwa kuwa ni vijana. Mheshimiwa yuko ukumbini tangu asubuhi, na anayeamua karatasi yako isomwe au iende kwenye kapu ni kijana huyo aliyelala kwa muda wa saa nne tu. Mpe ukurasa mmoja: unaajiri wangapi, unalipa kodi gani, kifungu hiki kitakugharimu nini kwa mwezi. Hesabu za dukani kwako zina nguvu kuliko takwimu za taifa. Andika pia anwani ya nyumbani na ya biashara, maana mara nyingi ziko katika majimbo mawili ya uchaguzi na hapo una wabunge wawili wa kuwaendea.

Kuhusu fedha, sheria ni kali na haijali nia njema. Kuanzia siku 30 kabla ya kikao cha kawaida kufunguliwa hadi siku ya 20 baada ya kufungwa, wabunge hawaruhusiwi kupokea michango ya kampeni. Usiende na bahasha, hata ya harambee. Ukijisemea mwenyewe bila kulipwa na bila kuwagharamia waheshimiwa, unatumia haki yako tu. Lakini chama chenu kikimlipa mtu afanye kazi hiyo, ulizeni kwanza Tume ya Maadili ya Texas kama anapaswa kujisajili.

Si lazima uwe raia ili uzungumze. Jua tu kwamba ukijiandikisha kutoa maoni mbele ya kamati, jina lako na ulichosema vinaingia kwenye kumbukumbu za umma. Mwenye kesi ya uhamiaji inayoendelea azungumze na wakili wake kwanza, au amuachie mwenzake nafasi hiyo. Seneti inaweza kutangaza kikao cha kamati saa 24 tu kabla, kwa hiyo pangeni mapema nani atabaki dukani na nani ataondoka. Kutoka Dallas ni saa tatu barabara ikiwa nzuri, na mbele ya Waco haiwi nzuri. Beba chaja na sweta. Nje ni joto la Mei, ndani ni baridi ya friji, na zamu yako inaweza kufika usiku wa manane.

Usifungashe virago bunge likifungwa. Miswada inayomfikia gavana katika siku kumi za mwisho humpa siku 20 baada ya kufungwa kuamua. Mwaka 2025 mabaraza yote mawili yalipitisha mswada namba 3 wa Seneti, uliokuwa upige marufuku bidhaa za hemp (mmea wa jamii ya bangi) zenye THC, kemikali inayolevya. Wenye maduka waliendelea kukusanya saini na kuandika barua baada ya wabunge kwenda makwao, na Juni 22, siku ya mwisho kabisa, Gavana Greg Abbott akaupiga kura ya turufu.

Sheria nyingi huanza kutumika Septemba 1, na hapo wakala husika huandika kanuni zake. Mapendekezo ya kanuni hutangazwa kwenye gazeti rasmi la jimbo, na umma hupewa angalau siku 30 kabla hayajapitishwa. Maelezo kuhusu fomu, ada na ukaguzi yamo humo. Wanaoandika maoni ni wachache, na barua ya mwenye duka husomwa.