Namna ya Kuisikiliza Heart Like a Wheel ya Linda Ronstadt

Albamu hii iliyotolewa mwaka 1974 ina nyimbo kumi na haifiki dakika thelathini na tano, kwa hiyo tenga muda huo wote na uisikilize bila kuruka wimbo hata mmoja. Jambo la kuzingatia tangu mwanzo ni kwamba Ronstadt, mwimbaji mzaliwa wa Tucson, Arizona, Marekani, hakutunga wimbo wowote kati ya hizo. Kipaji chake kimo katika kuuchagua wimbo wa mtu mwingine na kuuimba hadi msikilizaji asahau kwamba una mwenyewe, nami naona hiyo ni kazi nzito sawa na utunzi.

Anza na You're No Good, uliofika nafasi ya kwanza Marekani mapema mwaka 1975. Usiuzime anapomaliza kuimba, kwa sababu ndipo magitaa ya Andrew Gold yanapopandana, moja juu ya jingine, na vyombo vya nyuzi vikaingia kuyapokea. Upande huo wa kwanza wa sahani unafungwa na wimbo uliobeba jina la albamu, uliotungwa na Anna McGarrigle. Usikilize kwa spika za masikioni, kwani piano na nyuzi zimeachwa peke yake zimsindikize Ronstadt, naye anaimba kwa utulivu wa mtu anayekiri jambo ambalo angependa kulificha.

Unapofika upande wa pili, tafuta kwanza When Will I Be Loved walivyourekodi The Everly Brothers mwaka 1960, kisha urudi kwa Ronstadt. Wale ndugu wawili wanalalamika kwa upole. Yeye anaanza na ubeti ambao wao waliuchelewesha, ule wa kudanganywa na kutendewa vibaya, na lalamiko linageuka kuwa madai. Willin' unaweza kuusikiliza bila maandalizi yoyote.

I Can't Help It, wa Hank Williams, usikilize mara tatu. Mara ya kwanza mfuate Ronstadt mwenyewe. Mara ya pili ifuate sauti ya mwimbaji mwenzake Emmylou Harris, inayomwegemea kwa juu bila kumfunika hata mara moja. Mara ya tatu lisikilize lile gitaa la chuma linalochezwa likiwa limelazwa, ambalo huvuta noti kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kulia. Wimbo huu ndio uliompatia Ronstadt tuzo ya Grammy ya uimbaji wa kantri kwa wanawake, ilhali albamu yenyewe iliongoza chati ya kantri na ile ya jumla, na hapo ndipo utakapoelewa kwa nini wapenzi wa roki na wa kantri wote walimwona kuwa wao.

Wimbo wa mwisho, You Can Close Your Eyes wa James Taylor, ni wa kubembeleza usingizi. Punguza sauti kidogo, zima taa ukipenda, na usiweke muziki mwingine mara tu unapokwisha.