Polisi Akikusimamisha Marekani, Usishuke Kumsalimia

Ukiziona taa za bluu na nyekundu kwenye kioo cha nyuma, washa indiketa, sogea kulia taratibu, zima injini. Kama ni usiku washa taa ya ndani. Mikono iwe juu ya usukani, halafu tulia hapo hapo. Nyumbani tumezoea kushuka, kumfuata afande, kumwamkia na kuomba "tuelewane". Kule anayeshuka bila kuambiwa huonekana mtu wa hatari, na anayechomoa noti, hata ya dola 20, amejiongezea kosa la jinai.

Utaombwa leseni, usajili wa gari na bima. Vikiwa kwenye droo ya dashibodi, sema kwanza, ndipo upeleke mkono. Akikuamuru ushuke, shuka; Mahakama ya Juu iliwaruhusu polisi hilo tangu 1977, na mwaka 1997 ikaongeza abiria.

Wengi wetu huponzwa na upekuzi. Askari mara nyingi haamuru, anauliza kwa upole kama unaona tabu akiangalia ndani. Mimi niliwahi kujibu hakuna shida, kwa ile adabu yetu ya kutomkatalia mtu. Nikasimama kwenye baridi karibu saa nzima, mabegi ya watoto yakifunguliwa moja moja, mfuko wa unga wa ugali ukatobolewa na kunuswa. Hawakupata kitu, na sikuwa na pa kulalamika: ruhusa niliitoa mwenyewe. Tena askari halazimiki kukwambia kwamba unaweza kukataa.

Kwa hiyo jifunze kutamka, bila ukali: "I don't consent to a search." Yaani hukubali kupekuliwa. Akiendelea, usimzuie kwa mkono wala mwili. Maneno yako ndiyo wakili atakayoyatumia. Akikushuku kwa sababu anazoweza kuzieleza kwamba una silaha, anaweza kukupapasa juu ya nguo. Hiyo ni sheria ya tangu 1968, na hisia tupu hazitoshi. Simu ni jambo jingine kabisa. Tangu 2014, hata ukikamatwa, kwa kawaida wanahitaji hati ya mahakama kuipekua, basi usiwafungulie kwa hiari.

Shughuli ya faini ikiisha, uliza: "Am I free to go?" Mwaka 2015 mahakama ilikataza kumrefushia dereva muda ili tu mbwa wa kunusa afike, pasipo sababu mpya ya kumshuku. Ukijibiwa kuwa uko huru, ondoka. Usibaki kupiga soga.

Maswali ya umetoka wapi na unakwenda wapi hulazimiki kuyajibu, ila sema wazi kwamba unachagua kunyamaza. Jina lako baadhi ya majimbo yanakutaka ulitaje. Na usidanganye, hasa usijiite raia wakati si raia. Uongo huo unaweza kukufungia njia ya uhamiaji maisha yako yote. Mwenye green card aliyetimiza miaka 18 anatakiwa kutembea nayo.

Ukikamatwa, omba wakili na ukome kuzungumza. Unaweza pia kuomba ubalozi wenu uarifiwe, haki iliyomo katika Mkataba wa Vienna wa 1963. Namba ya ndugu mmoja uiweke kichwani, kwa sababu simu yako itakuwa imechukuliwa.